Kalamu ya Waya

Kalamu yenyewe nyepesi, ya plastiki ya kijivu iliyogeuka manjano, na waya wake umekatika karibu na kitako. Ndugu yangu Salim kaniletea jana ndani ya boksi alilolitoa kwenye stoo ya Baba kule mtaa wa Ghala, hapa Maskati. Kaliweka juu ya meza ya chakula, kasema, "Vitu vyako hivi. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye huko." Nikalifungua, harufu ikanipanda puani: risasi ya kuchomea waya, mafuta machafu ya gereji ya jirani, plastiki iliyoshinda kwenye joto. Kitako cha kalamu bado kina alama za meno. Meno yangu hayo, ya utoto, na mwanya wa katikati unaonekana.

Baba tumemzika wiki tatu zilizopita. Siku zote za matanga wanaume waliokuja kutoka Qurum na kwengineko walikuwa na neno moja tu: mzee wenu aliyafanya haya kabla ya watu hawajayaota. Leo kila mtu anaandika kwa kidole kwenye simu na simu inasoma, yeye alianza zamani, kwenye kichumba cha Ghala, peke yake. Peke yake! Na leo alasiri anakuja kijana anayetayarisha maonyesho ya kompyuta za zamani. Analitaka boksi, na anataka nimwandikie maneno machache mazuri kwa mkono wangu, maana kasikia mimi ndiye mtoto aliyeifundisha mashine kusoma. Nimekaa na boksi hili tangu asubuhi na maneno mazuri hayaji. Nyinyi wa rika langu, mliolelewa Maskati na mabibi waliokuja na Unguja yao nzima kichwani, pengine mtanielewa.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa na mdogo wake mmoja tu aliyebaki Unguja, Bi Zuhra. Surua ilimziba masikio akiwa mtoto mdogo, kwa hivyo simu kwake ilikuwa haina maana. Kilichowaunganisha wawili hao ni barua. Zilikuwa zikienda na kurudi mikononi mwa wasafiri, zimekunjwa ndani ya khanga, zimechomekwa kwenye makopo ya halua, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyofundishwa na mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani. Bi Zuhra alisema katika barua moja kwamba akifungua karatasi hasomi kwanza. Anautazama mwandiko, maana hiyo ndiyo sauti ya dada yake, na sauti nyingine hana.

Nilipokuwa na miaka saba hivi, mikono ya Bibi ikaanza kutetemeka. Kikombe cha kahawa kikigonga kisahani mpaka tunageuka kutazama. Akajaribu kuandika, herufi zikamtoroka. Siku hiyo aliniita kwenye mkeka wake, akafunga mlango.

"Mjukuu wangu, hili la mikono yangu asilijue mtu Unguja," akasema. "Zuhra akisikia, hatolala. Wewe ndiye utakuwa mkono wangu."

"Si tumwambie tu, Bibi?"

"Atadhani nshakufa na wakubwa wanamficha. Humjui Zuhra wewe."

Alikuwa na sababu. Kaka yao alipofariki hapa Maskati, jamaa walimficha Bi Zuhra miezi na miezi, wakimwandikia kwa jina la marehemu, eti asipate mshtuko. Kaka alikuwa na desturi ya kuandikiwa na watu, leo huyu, kesho yule, kwa hivyo hakushuku kitu. Alipokuja kujua, alilia kwa ule uongo kuliko alivyolilia kifo. Tangu hapo hakumwamini mtu yeyote duniani isipokuwa mwandiko wa dada yake. Na sisi sasa tukataka kumwandikia kwa mkono wa mtoto. Mimi sikuliona kosa lolote. Nilijiona mkubwa, wallahi, nikatembea nyumbani kama niliyekabidhiwa funguo.

Mwaka mzima alinifundisha. Si kuandika tu, maana kuandika shule walitufundisha. Alinifundisha kuandika kama yeye. Mstari mzima unauandika mtupu, bila hata moja ya zile nukta zinazokaa juu na chini ya herufi, kutoka kulia mpaka mwisho wa karatasi. Halafu unarudi mwanzo, na hapo ndipo unapotia nukta, moja moja, kwa raha zako, ukiyasoma tena uliyoyasema. Nukta mbili alizivuta kuwa kistari kifupi. Tatu alizifanya kipaa kidogo cha nyumba, kimeinama upande wa kulia. "Kwanza sema," akiniambia, "halafu pumua." Kupumua ndiko kutia nukta. Nilipomaliza mwaka, Baba mwenyewe hakuweza kutofautisha karatasi yangu na ya Bibi ya zamani. Bi Zuhra naye hakutofautisha. Majibu yakaja kama kawaida, marefu, yamejaa habari za majirani na za paka wake.

Basi Baba akaenda Ulaya kwa masomo ya muda mfupi, akarudi na kibao cha kuandikia.

Alikuwa akifanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja Qurum, lakini moyo wake haukuwako huko. Alikodi kichumba Ghala, nyuma ya gereji, na kila mchana nikitoka shule alinipitia akanipeleka. Kibao kilikuwa cheusi, upana wake kama sinia ndogo, na chini yake, akaniambia, zimetandazwa nyaya nyembamba kama wavu. Kalamu haina wino. Unaandika juu ya kibao, na mstari unatokea kwenye kioo cha kompyuta, mbali na mkono wako. Mara ya kwanza nilipouona nilitupa kalamu chini nikapiga ukelele. Baba akacheka mpaka akavua kofia. Nakumbuka kile kicheko, maana hakukuwa na vingi.

"Wazungu washafanya ya kwao," alisema. "Wana mashine zinazosoma mwandiko, si vizuri sana, lakini zinasoma. Herufi zao zimekaa mbalimbali, kila moja na kiti chake. Zetu zimeshikana mikono. Wanasema haiwezekani. Ntawaonyesha kama inawezekana."

Akanieleza kwamba mashine haioni herufi kama tunavyoiona sisi. Inaona safari ya kalamu: imegusa wapi, imeelekea wapi, imeinuka lini. Halafu akasema jambo ambalo mimi nililielewa kwa akili yangu ya miaka minane. Alisema, "Hii ikijua kusoma, mtu ataandika hapa Maskati na mwenziwe atasoma Unguja, hapo hapo." Yeye alikuwa akisema ndoto yake. Mimi niliusikia ukweli uliokwishafanyika. Waya wa kibao ulishuka chini ya meza, ukaingia nyuma ya kompyuta, ukatoka mwengine mweusi, ukaingia tundu la ukutani. Sikuwa na shaka hata chembe kwamba ule waya ulikwenda mpaka kwa Bi Zuhra.

Wiki ya kwanza mashine haikusoma kitu. Niliandika mstari wangu mtupu kama nilivyofundishwa, nikarudi kutia nukta, na kioo kikatoa vituko: herufi zisizo kichwa wala miguu, halafu mvua ya nukta mwishoni zisizojua zimetoka wapi. Kalamu ikiinuka kidogo tu, mashine hudhani neno limekwisha. Nukta zikija baadaye, huziona ni maneno mapya. Baba alikaa na karatasi zake siku tatu, anahesabu, anakuna kichwa. Siku ya nne akaziweka pembeni, akanigeukia mimi.

"Utabadilisha mwandiko," akasema.

"Bibi kasema—"

"Bibi hajui hii. Tia nukta papo hapo, herufi ikimaliza tu. Na zitie kweli, mbili ni mbili, tatu ni tatu. Hayo mapaa na vistari siyataki."

Nikamuuliza kwa nini asiibadilishe mashine. Swali la mtoto. Alinijibu bila hasira, na ndiyo maana sijalisahau: "Mashine kuibadilisha ni mwaka. Wewe kukubadilisha ni wiki mbili."

Na hakukosea, wiki mbili zilitosha. Alikaa nyuma yangu na rula ya mbao, na kila nilipopita herufi bila kuitia nukta, rula ilishuka kwenye kifundo cha kidole. Si kwa nguvu sana, Baba hakuwa mtu wa kupiga. Lakini kwa kurudiwarudiwa mahali pale pale, kidole kilivimba. "Nukta! Nukta, nimesema!" Nje mafundi wa gereji wanagonga vyuma, ndani kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, na mimi natafuna kitako cha kalamu nikisubiri aseme tena. Kila mchana karatasi kwa karatasi, neno lile lile mara mia. Na siku mashine iliposoma mstari wangu mzima sawasawa, Baba alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu utosini. "Hodari wangu," akasema. Sijapata kuitwa hivyo, si kabla, si baada. Kwa neno hilo ningeandika kwa miguu angetaka.

Akitoka kwenda kusali, mimi nilibaki nikimwandikia Bi Zuhra. Nilimwambia jino langu limetoka. Nilimwambia Salim kavunja chetezo cha udi na kasingizia paka. Kila nikimaliza mstari, maneno yangu yalirudi kwenye kioo kwa herufi nzuri za kuchapwa, na mimi nilijua maana yake: Bi Zuhra kasoma, anasema nimesikia. Jamani, nilikuwa na furaha.

Baada ya hapo ikaja siku ya kuandika barua ya kweli, ya karatasi, maana jirani mmoja alikuwa akisafiri. Bibi alikaa kwenye mkeka anachambua mchele kwa kupapasa, macho yake nayo yalikuwa yameshaingia ukungu. Alisema, mimi nikaandika. Salamu, habari za mvua iliyonyesha, harusi ya fulani. Akafika pale anapofika kila barua: "Mimi ni mzima wa afya, mdogo wangu, sina ninaloumwa ila kukukumbuka wewe."

Akangoja kidogo. "Haya, rudi upumue."

"Nshatia zote, Bibi."

"Ushatia saa ngapi, na mstari ndiyo kwanza umalize?"

"Ndivyo anavyotaka Baba. Papo hapo."

Mkono wake ukasimama ndani ya mchele. Halafu akacheka. "Baba yako na mashine yake! Haya, kunja." Nikakunja. Sikujua hata kwamba kuna jambo la kuogopa, na barua ikaondoka.

Katika siku hizo Baba alinivalisha gauni la Idi, akanipeleka kwenye hoteli moja Qurum, ukumbi wenye zulia na baridi kali. Wanaume wa kanzu nyeupe na Wazungu wawili walikaa mbele. Nikaandika, mashine ikasoma. Nikaandika tena, ikasoma tena. Makofi yakapigwa, mtu mmoja akanipa chokoleti. Halafu mzee mwenye kilemba cha zambarau, aliyekuwa hajapiga makofi, akanyanyuka akaomba kalamu. Akaandika jina lake kama watu wote wanavyoandika, haraka, nukta mwishoni. Kioo kikatoa takataka. Akaandika tena. Takataka. Akamtazama Baba kwa upole, akasema, "Ndugu yangu, hujaifundisha mashine. Umemfundisha binti."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Baba naye akacheka, akasema bado inajifunza. Garini nilikaa nimeshika chokoleti mpaka ikayeyuka kwenye gauni. Nilidhani nimeandika vibaya.

Miezi ikapita bila barua kutoka Unguja. Bibi akaanza kuuliza. Kila msafiri akirudi, anatuma mtu kwenda kuuliza, hakuna. "Zuhra kaninyamazia," akawa anasema, "nimemkosea nini?" Nami, mwenye akili zangu, nikamtuliza: "Usiwe na wasiwasi, Bibi. Nnamwandikia kila siku kwa Baba, na anasoma." Bibi akanishika shavu akasema Mungu anikuze.

Asubuhi moja ya Ijumaa mlango uligongwa. Akaingia mama wa makamo, mgeni, amejitanda buibui, na kabla hajakaa akamkumbatia Mama akaanza kulia. Jina lake Bi Rukia, jirani yake Bi Zuhra, kaja Maskati kumtazama mwanawe. "Poleni," anasema, "poleni sana. Mmempoteza mama. Na mimi nilimpenda kama mama yangu." Mama kaduwaa, hajui amkumbatie au amtoe. Na mimi nimesimama na sinia ya kahawa.

Sauti ikatoka jikoni: "Nani huyo analia? Kafa nani?"

Bibi akatokea mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi. Bi Rukia akamwona, akarudi nyuma mpaka ukutani, akasema, "Subhanallah," mara nyingi, haachi. Kisha akakaa chini kwenye zulia, akafungua mkoba, akatoa bahasha. Juu yake imeandikwa: Kwa watoto wa marehemu dada yangu.

Mimi ndiye msomaji wa Bibi, kwa hivyo mimi ndiye niliyepewa niisome. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua yangu mwenyewe, imerudishwa. Ya pili naijua kwa moyo mpaka leo.

"Wanangu, khati yenu imefika na ninakurudishieni. Mwandiko huu si wa dada yangu. Kila herufi imetiwa nukta yake kwa kuhesabiwa, hauna pumzi. Mimi si mtoto, nshajua, na khitma nshamsomea. Tafadhalini msiniandikie tena kwa jina lake, mlinifanyia hivyo kwa kaka na ninakuombeni msirudie. Nataka jambo moja tu. Niambieni kafa siku gani na kazikwa wapi, nipate kujua siku ya kumwombea."

Nilisoma mpaka mwisho kwa sauti ya darasani, wazi, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Nilipomaliza nilimtazama Bibi nikitegemea atasema vizuri.

"Mwanzo nilimwambia yu hai," Bi Rukia alikuwa akisema huku akilia, "wote tulimwandikia kwenye karatasi: dada yako yu hai, angekufa tungesikia. Akatuandikia chini yake: na kaka pia mlisema yu hai. Mwisho na sisi tukamsadiki."

Bibi hakulia mbele ya mgeni. Aliomba kalamu na karatasi, akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe, mkono unaoruka, mistari inapanda na kushuka, na ilimchukua mpaka adhuhuri kuandika maneno sita. Mama akampiga picha ameishika. Bi Rukia akaapa kwamba atamfikishia mwenyewe, atamwambia nimemwona kwa macho yangu mawili. Safari yake ilikuwa baada ya siku kumi. Siku ya saba simu ikalia. Bi Zuhra alikutwa amelala kitandani, alfajiri, na tasbihi mkononi.

Alikufa akijua anamfuata dada yake. Na dada yake yuko Maskati, anachambua mchele.

Mnaweza kusema ni ajali, na nilijaribu miaka mingi kusema hivyo. Lakini sikilizeni. Siku ya tatu ya msiba, tuko chini tunakula, Bibi amekaa na chakula hajakigusa, Baba alisema, "Lakini ajabu! Bi Zuhra wa watu hajui hata kompyuta ni kitu gani, na katambua. Mimi sikutambua. Katazama wapi kwanza, kwenye nukta au kwenye mstari?" Uso wake ulikuwa na nuru. Nuru, jamani! "Hebu nipeni hizo karatasi mbili nizitazame."

"Baba Salim," Mama akasema taratibu, "mama yako yupo hapa."

Akaendelea kula.

Barua ile ya mwisho ya Bi Zuhra, Bibi aliilaza chini ya godoro lake, upande wa kichwa, pamoja na ile iliyorudishwa. Kila siku akiniita nimsomee. Nilikuwa sitaki, lakini nilisoma. Siku ya sita au ya saba akanyanyua godoro, hamna kitu. Tukapindua nyumba. Shuka zikakung'utwa, mazulia yakatolewa nje, mapipa yakamwagwa. Nani wa mwisho kuzishika? Mimi. Niliapa kwamba nilizirudisha, na nilikuwa nimezirudisha. Baba alikuwa amekaa pale pale, anakunywa chai. Bila kuinua macho akasema, "Mtoto huyu kila kitu anapoteza."

Bibi akasema, "Basi, mwacheni." Tangu siku hiyo hakuniita tena kwenye mkeka, si kusoma wala kuandika. Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia. Wakati mwengine aliuchukua mkono wangu wa kulia, akaukunjua kiganja, akaupapasa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka humo, kisha akanirejeshea mapajani mwangu. Na kila Ijumaa, baada ya kuoga, nilimsikia chumbani ananyanyua godoro.

Aliishi miaka miwili zaidi. Alipozidiwa, tukaitwa mmoja mmoja kumuaga. Nilipiga magoti nikamwomba radhi kwa barua ya Bi Zuhra. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kwa wakati ule nilikuwa nimeshaamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyeipoteza. Nilikuwa hata nakumbuka mahali nilipoipotezea. "Nshakusamehe zamani," Bibi akasema. Baba alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda. Alisikia, akatoka nje.

Leo asubuhi, baada ya kuitoa kalamu na kibao kwenye boksi, nimenyanyua sponji la chini. Kuna faili la buluu. Ndani ya faili, barua mbili.

Yangu imezungushiwa duara nyekundu kwenye kila nukta. Kila nukta, hakuacha. Pembeni kaandika kwa mwandiko wake mdogo nadhifu: hapa, hapa, na hapa. Kwenye mstari wa "mimi ni mzima wa afya, mdogo wangu" kuna duara nyingi mpaka maneno hayasomeki vizuri. Kwenye barua ya Bi Zuhra kapiga mstari chini ya "hauna pumzi", na mbele yake kaweka alama ya kuuliza. Hayo tu. Hakuna pengine alipoandika samahani, nimegeuza kila karatasi kutafuta. Alikuwa na barua hizi tangu wiki ile, Bibi ananyanyua godoro, mimi nainama kuomba radhi, na yeye anazo Ghala kwenye boksi, chini ya sponji.

Salim nimempigia simu. Akasema, "Dada, mzee keshafariki. Yamekwisha hayo." Kwake yeye yamekwisha.

Kijana kaja alasiri, kama alivyoahidi. Mstaarabu, kanzu imepigwa pasi, ananiita khala, yaani mama mdogo. Kiswahili hakijui. Bibi yake alikijua, ananiambia, na anachekacheka kwa haya. Kanitolea kompyuta yake ndogo bapa na kalamu nyeupe isiyo na waya, kasema niandike chochote kuhusu marehemu, watu wataona kwenye ukuta mwandiko wa yule mtoto.

Nikaandika kwa Kiarabu, apate kusoma. Nilitaka kuandika kama Bibi, mstari mtupu kwanza. Sikuweza. Mkono ulitia nukta papo hapo, mbili ni mbili, tatu ni tatu, na kifundo cha kidole kikaniuma kweli kweli. Niliandika: Baba yangu aliificha barua ya mwisho ya mama yake mdogo, akamwacha mama yake mzazi aitafute mpaka anakufa, na lawama akanitwisha mimi.

Mashine ilisoma yote kabla sijaweka kalamu chini, bila kosa.

Kijana akatazama kioo, akanitazama mimi. "Khala," akasema, "nifute?"

"Usifute."

Kaondoka na boksi, na kibao, na kalamu yenye meno yangu. Barua sikumpa. Nimezilaza chini ya godoro, upande wa kichwa, pale alipokuwa akizitafuta Bibi.